Mwongozo kamili wa kufuatilia asili ya neno: tuchukue "copy" na kopi zetu za Mwanza

Simama kwenye dirisha la steshenari yoyote iliyo karibu na ofisi za serikali mjini Mwanza, au ile iliyo karibu na geti la chuo kule Malimbe, usikilize wateja. "Dada, nitolee kopi mbili, mbele na nyuma." "Kaka, mimi nataka kopi ya rangi." Mzee mmoja anaulizia nakala ya hukumu. Mwanafunzi aliyeko nyuma ya foleni analalamika kwamba mwenzake kamkopi kazi yote mpaka makosa. Ukivuka barabara ukaingia Makoroboi, eneo la biashara, muuza viatu vya raba anaapa kuwa bidhaa yake ni orijino, na jirani yake anasema ni kopi tu hiyo.

Neno ni moja la Kiingereza, "copy", na tumeshalifanya letu. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulifuatilia neno kama hilo kutoka mdomoni mwa mteja mpaka kwenye chimbuko lake, kisha kulirudisha kwenye Kiswahili ukiwa unajua unalifanyia nini. Nimewaandikia walimu, watafsiri, waandishi wa habari na wanafunzi wa lugha, lakini yeyote anayependa maneno anaweza kuzifuata hatua hizi. Unahitaji daftari, kalamu na simu yenye intaneti. Ukiweza kufika maktaba, heri zaidi.

Kanuni ninayoisimamia kuanzia mwanzo ni moja: fuata kazi ambayo watu walikuwa wakiifanya na neno, usifuate sauti yake. Maana hubadilika pale kazi inapobadilika. Anayefuata sauti huishia kwenye hadithi tamu zisizo na ukweli, na hadithi hizo zimejaa mitandaoni.

Hatua ya 1: Kusanya matumizi kabla ya kufungua kamusi

Wengi hukimbilia kamusi kwanza, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu kamusi itakupangia maana kabla hujaziona kwa macho yako. Anza na masikio. Andika sentensi nzima, usiandike neno peke yake, na pembeni andika kazi ya msemaji na mahali aliposemea.

Mwanza ni mahali pazuri kwa zoezi hili kwa sababu kazi zake ni nyingi na ziko karibu karibu. Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki na dagaa, utakuta kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni: mteja anaondoka na ya juu, ya chini inabaki kitabuni, na hiyo ya chini wanaiita kopi. Kwenye vyombo vya majini na kwenye doria, mtu wa redio anaweza kujibu "copy" akimaanisha amesikia na ameelewa. Kwenye chumba cha habari, mhariri anaulizia "copy" na hataki karatasi iliyotolewa kwenye mashine: anataka habari yenyewe uliyoiandika. Shuleni ni wizi wa majibu. Kwenye kompyuta ni nusu ya "kukopi na kupesti".

Usiache matumizi kwa sababu unaona ni ya mtaani. Mara nyingi ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko yote, kwa kuwa hayajanyooshwa na mtu.

Hatua ya 2: Yapange kwa kazi

Soma ulichokusanya, uyagawe mafungu kwa kuuliza swali moja: hapa mtu anafanya nini hasa? Kwa "copy" nayaona mafungu haya. Kuna karatasi iliyotolewa kutoka kwenye karatasi nyingine. Kuna kimoja kati ya vingi vinavyofanana, kama unaposema gazeti limeuza nakala elfu kadhaa. Hapa hakuna cha asili wala cha kuiga, zote zina hadhi sawa. Kuna kuiga mtu au kitu, mara nyingi kwa lawama. Kuna maandishi yanayosubiri kuchapwa. Kuna kusikia na kupokea, kule kwenye redio.

Mafungu mawili ya mwisho yatakushangaza, kwa sababu hayana uigaji ndani yake. Yawekee alama. Fungu linaloonekana kuwa geni ndilo litakalokupa njia ya kurudi nyuma.

Hatua ya 3: Tafuta umri wa kila maana

Sasa fungua kamusi, lakini iwe kamusi ya kihistoria, ile inayotaja kila maana ilionekana kwanza lini katika maandishi. Kwa Kiingereza kubwa kuliko zote ni ya Oxford. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na kazi nzima ikakamilika 1928, na sasa inapatikana mtandaoni kwa kulipia au kupitia maktaba zinazolipia. Isiyo na malipo na inayofunguka vizuri hata kwenye simu ndogo ni Etymonline, tovuti ya asili za maneno ya Kiingereza. Si ya kina kama ile, ila inatosha kuanzia.

Kwa "copy" utapata mpangilio huu. Jina liliingia Kiingereza katika karne ya 14 kutoka Kifaransa cha zamani, "copie". Kitenzi kilifuata karne hiyo hiyo. Maana ya kimoja kati ya vitabu vingi vilivyochapwa ni ya karne ya 16, baada ya mashine za uchapaji kuenea. Maana ya kuiga mtu au kazi ya msanii ilikomaa kati ya karne ya 16 na ya 17. "Copycat", mtu anayeiga kila kitu, ni mtoto wa mwisho wa karne ya 19.

Tazama mfuatano huo kwa makini. Kuiga hakukuwa maana ya kwanza. Karatasi ilitangulia, uigaji ukafuata baada ya mamia ya miaka. Usingelijua hilo kwa kusikiliza tu mtaani, kwa sababu mtaani maana zote zinaishi pamoja kana kwamba zilizaliwa siku moja.

Hatua ya 4: Vunja neno

Kifaransa kililitoa Kilatini: "copia". Kilatini chenyewe kililiunga kwa vipande viwili, "co-" yenye maana ya pamoja, na "ops", yaani mali, nguvu, uwezo. Kwa hiyo "copia" ilikuwa wingi, utele, kuwa navyo vya kutosha. Likitajwa kwa wingi, "copiae", lilikuwa na maana ya majeshi, kwa sababu askari wengi ndio nguvu ya mtawala.

Hapa wanafunzi wengi hukwama. Utele na fotokopi wapi na wapi? Jibu la haraka linalosambaa ni kwamba kopi inaongeza idadi, kwa hiyo inaleta wingi. Linaingia akilini na limekaa vizuri, lakini linaruka kipande muhimu kuliko vyote.

Hatua ya 5: Tafuta daraja kati ya maana mbili zisizofanana

Hatua hii ndiyo moyo wa kazi nzima, na naomba usiikimbie.

Ukiwa na kitu kwa utele, unakifikia wakati wowote unapokihitaji. Kwa sababu hiyo Warumi waliitumia "copia" pia kwa maana ya nafasi, fursa, ruhusa ya kukifikia kitu. Ukimpa mtu "copia" ya jambo, umemfungulia mlango alifikie. Katika Kilatini kulikuwa na msemo "copiam describendi facere": kumpa mtu ruhusa ya kuandika upya kilichoandikwa.

Sasa fikiria Ulaya ya zama za kati, hakuna mashine ya uchapaji, hati moja ipo kwenye sanduku la mahakama au la nyumba ya watawa. Mwenye sanduku ndiye mwenye kauli. Ukitaka maneno ya hati ile, unamwomba "copia", ruhusa ya kuyaandika. Ukipewa, unaandika, unaondoka na karatasi yako. Taratibu, katika Kilatini cha zama zile, jina la ruhusa likahamia kwenye karatasi iliyotokana na ruhusa. Karatasi yenyewe ikaitwa "copia".

Hilo ndilo daraja: wingi, halafu fursa, halafu ruhusa ya kunakili, halafu nakala. Kila hatua ni fupi na inaeleweka. Hakuna mahali neno liliporuka.

Kwa mtu wa Mwanza daraja hili si la mbali. Aliyeshindwa kesi akataka kukata rufaa atakuambia jinsi anavyoandika barua kuomba nakala ya hukumu, anasubiri, halafu anakabidhiwa karatasi zenye muhuri. Maneno yaliyomo aliyasikia siku hukumu iliposomwa. Anachohitaji ni haki ya kuwa nayo mkononi, iliyotolewa na mwenye mamlaka. Karatasi yake ni "copia" kwa maana ile ya zamani kabisa: ruhusa iliyogeuka karatasi.

Uingereza kuna ushahidi mwingine mzuri. Kulikuwa na aina ya umiliki wa ardhi ulioitwa "copyhold". Mkulima alishika kipande cha ardhi chini ya bwana mwenye eneo, haki yake ikaandikwa kwenye kumbukumbu za baraza la bwana yule, na yeye akapewa nakala ya maandishi hayo. Nakala hiyo ndiyo iliyokuwa hati yake. Mfumo huo ulidumu mamia ya miaka mpaka sheria ya 1922 ilipoufuta kuanzia tarehe 1 Januari 1926. Kwa mkulima yule "copy" haikuwa kitu cha kudharauliwa. Ilikuwa shamba lake.

Kumbuka hili ukifika kwenye maana ya dharau. Neno ambalo leo Makoroboi linashusha bei ya raba, wakati fulani lilikuwa linalinda chakula cha watu.

Ukitaka kujipima kama daraja lako ni la kweli, jiulize maswali mawili. Je, kila nguzo ina maandishi ya wakati wake? Je, mtu wa kawaida wa wakati huo angeweza kuvuka kutoka maana moja kwenda nyingine bila kuambiwa? Likikosa moja, endelea kutafuta.

Hatua ya 6: Wahesabu ndugu, wafukuze wanaofanana kwa sura tu

Ndugu wa kweli huthibitisha asili. Kiingereza kina "copious", kilicho kingi. Kina "cornucopia", pembe ya utele inayochorwa ikimwaga matunda. Kina "opulent", tajiri, kutoka "ops" ile ile. Hao wote bado wamebeba wingi. Tena Kiingereza chenyewe kiliwahi kutumia "copy" kwa maana ya wingi, na maana hiyo ikafa.

Wanaofanana kwa sura ni wengi zaidi. "Cope", kumudu shida, lilitoka kwenye Kifaransa cha kupiga na kugonga. "Copper", shaba, lilitoka kwenye jina la kisiwa cha Cyprus, ambako Warumi walichimba madini hayo. "Couple", jozi, lina "co-" mbele lakini mwili wake ni kitenzi kingine cha kufunga na kuunganisha. Hakuna hata mmoja aliye wa ukoo.

Kwa Kiswahili mtego ni mkubwa zaidi, na darasani huwa nasimama hapa kwa muda mrefu. Chukua kopi, kopa, kopo na kope. Kwa sikio ni watoto wa mama mmoja. Sasa wafuatilie:

Kopo, lile la kunywea uji au kuchotea maji, limetoka Kireno, "copo". Wareno walikuwa pwani yetu tangu mwisho wa karne ya 15 na wametuachia maneno ya vyombo kadhaa. Kope za macho ni Kibantu. Kopa ya kuchukua deni nayo ni Kibantu, haihusiani na kopi wala na benki yoyote ya kizungu. Lakini kopa ya kwenye karata, yenye alama ya moyo, inayokaa pamoja na shupaza, uru na pau, ni Kireno tena. Kopa ya muhogo uliokaushwa, ambayo huku kwetu tunaijua kwa wingi kama makopa na ugali wake, ni jina jingine kabisa. Na fundi umeme akikuambia waya huu ni wa kopa, anasema shaba kwa Kiingereza kilichovaa Kiswahili.

Hizo ni kopa nne zinazoandikwa sawa na kutamkwa sawa, na hazikutoka sehemu moja. Ukimwona mtu anakueleza kwamba kukopa na kukopi ni neno moja kwa sababu anayekopi kazi ya mwenzake "anakopa akili", mshukuru kwa utundu wake, halafu mwonyeshe karata.

Hatua ya 7: Fuatilia mashine

Maneno ya kazi hufuata vifaa vya kazi. Tengeneza orodha ya vifaa vilivyobadilisha kazi ya kunakili, kila kimoja na mwaka wake, na uangalie maana ipi iliibuka karibu na hapo.

James Watt, yule wa injini za mvuke, alipata hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi ("patent"), ya mashine ya kunakili barua mwaka 1780: karatasi nyembamba yenye unyevu inagandamizwa juu ya barua ambayo wino wake haujakauka vizuri, na inanyonya sehemu ya wino. Mwaka 1806 Ralph Wedgwood akapata hataza ya karatasi ya kaboni. Mashine za kuandikia zilipoenea, kaboni ikaingia kila ofisi. Ndiyo maana ukituma baruapepe leo unaona herufi "cc". Ni kifupi cha "carbon copy", nakala ya kaboni, ingawa hakuna kaboni wala karatasi. Barua zetu za serikali zinaandika "Nakala kwa" chini kabisa, na hiyo ni kazi ile ile kwa Kiswahili safi.

Telegrafu, mtambo wa zamani wa kutuma ujumbe kwa waya, ndiyo inayofungua fumbo la redio. Opereta alisikia milio ya alama za Morse, mkono wake ukaandika kile sikio lilichopokea. Kazi hiyo ya kuandika unachosikia iliitwa "copy". Redio iliporithi kazi ya telegrafu, ikarithi na neno. Kwa hiyo mtu wa doria ziwani anayejibu "copy" hasemi ameiga chochote. Anasema: ujumbe wako umeshuka kwangu kama ulivyoutuma.

Na maana ya chumba cha habari? Mchapaji aliweka mbele yake karatasi ya kufuatisha wakati anapanga herufi za madini ya risasi moja moja. Karatasi hiyo ya kufuatishwa iliitwa "copy", na jina likabaki kwa maandishi yoyote yanayosubiri kuchapwa, hadi maandishi ya matangazo.

Mashine ya steshenari inastahili aya yake. Chester Carlson alifanya kazi kwenye ofisi ya hataza ya kampuni moja Marekani, na nakala za hati hazikuwahi kutosha. Kuziandika upya kwa mkono kulikuwa mateso kwake, kwani alikuwa na ugonjwa wa viungo. Tarehe 22 Oktoba 1938, kwenye chumba cha kupanga huko Astoria, New York, yeye na msaidizi wake walisugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa ili lipate chaji ya umeme, wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi, wakanyunyiza unga. Unga ukashika pale tu palipokuwa na kivuli cha maandishi. Wakauhamishia kwenye karatasi yenye nta. Yaliyosomeka yalikuwa tarehe na mahali: "10-22-38 Astoria". Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka mashine ya kwanza iliyofanikiwa sokoni, Xerox 914, itoke mwaka 1959. Namba hiyo ni ukubwa wa karatasi ilizoweza kutumia, inchi 9 kwa 14. Jina Xerox limetokana na Kigiriki cha kitu kikavu, kwa sababu hakuna maji wala wino wa maji. Karatasi ya steshenari inakutoka mkononi ikiwa ya moto kwa sababu unga wa tona huyeyushwa juu yake ili ushike.

Kukopi na kupesti kwenye kompyuta kulitengenezwa miaka ya 1970 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, na Larry Tesler akiwa mmoja wa waliokufanya kuwe rahisi namna hii.

Hatua ya 8: Pitia majirani wa maana

Neno hujulikana zaidi likisimama na wenzake. Hapa pita haraka. "Imitate" ni Kilatini, na halina lawama peke yake. "Mimic" limetoka Kigiriki, kwa waigizaji wa jukwaani. "Ape" ni jina la nyani kwanza, halafu likawa kitenzi cha kuiga kijinga. "Mock" limetoka Kifaransa, lilikuwa kudhihaki, baadaye likapata maana ya kitu cha mfano. Kutoka hapo ndipo watoto wetu wakapata mtihani wa mock, ambao kwa Kiswahili rasmi unaitwa mtihani wa utamilifu, wala haudhihaki mtu. "Counterfeit" kwa Kifaransa ni kilichotengenezwa kinyume na kingine.

"Fake" ndilo tulilolifanya feki. Lilikuwa lugha ya wezi wa London kabla halijaingia midomoni mwa watu wote, na zaidi ya hapo asili yake haijathibitishwa. Ukikutana na neno la namna hii, andika hivyo hivyo: asili haijathibitishwa. Usijaze pengo kwa kubahatisha.

Hatua ya 9: Geukia Kiswahili kwa uzito ule ule

Wengi huishia kwenye Kilatini wakadhani wamemaliza. Kazi iliyobaki ndiyo yetu. Tumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mara ya kwanza 1981, na ukitaka kurudi nyuma tafuta ile ya Frederick Johnson ya 1939 na ya Krapf iliyochapwa London mwaka 1882. Ukiona neno ndani ya Krapf, una uhakika lilikuwa linatumika pwani kabla ya ofisi za kikoloni.

Nakala na kunakili yametoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Mwandishi wa zamani aliyahamisha maneno kutoka karatasi moja kwenda nyingine, na aliyehamisha alibeba dhamana ya kufikisha kila herufi. Warumi waliitazama kazi hiyo upande wa ruhusa, Waarabu upande wa kubeba. Kazi ni ile ile.

Kuiga ni Kibantu, na hapa ziwa letu linatusaidia. Vuka kwenda Uganda uwasikilize wanaozungumza Kiganda: "okuyiga" kwao ni kujifunza, na "okuyigiriza" ni kufundisha. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanauweka mzizi huo pamoja na iga yetu. Ng'ambo hii anayeiga anaweza kulaumiwa, ng'ambo ile anajifunza. Mtoto anayekaa kando ya baba yake akitazama nyavu zinavyoshonwa yuko kwenye maana zote mbili kwa pamoja. Nasi tumelizalisha: kuigiza, maigizo, mwigizaji, kote huko bila lawama yoyote.

Kisha yapo ya vijana, nayo ni Kiswahili: kuangalizia, kwa anayechungulia karatasi ya jirani kwenye mtihani, na kudesa, pamoja na madesa yanayozunguka vyuoni.

Sasa rudi kwenye daftari lako la hatua ya kwanza uone jinsi watu walivyogawana kazi bila kikao. Hakuna anayesema "nakala ya raba". Raba ni kopi. Hukumu ya mahakama ni nakala, mara chache utasikia kopi ya hukumu, na ukisikia ni dirishani kwa dada wa steshenari, maana pale ni karatasi tu. Kopi imechukua mashine na bidhaa za kuigwa. Nakala imebaki na heshima ya hati na vitabu. Mgawanyo huo haumo kwenye "copy" ya Kiingereza. Ni kazi ya Waswahili wenyewe, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika historia ya neno hili.

Hatua ya 10: Amua tafsiri

Ukikutana na "copy" kwenye maandishi ya Kiingereza, usiandike nakala moja kwa moja. Uliza kwanza ni fungu lipi.

Ikiwa ni hati, nakala. Ikiwa imegongwa muhuri na wakili au hakimu, nakala iliyothibitishwa. Kuwa mwangalifu na "nakala halisi": wengine wanaisoma kuwa cheti chenyewe cha asili, wengine nakala iliyothibitishwa, na mwombaji wa kazi anaweza kusafiri kutoka Ukerewe na karatasi isiyotakiwa. Andika "cheti halisi" kwa cha asili na "nakala iliyothibitishwa" kwa kingine. Ya kwenye kompyuta inaitwa nakala tepe, ila kwa wasomaji wasiolizoea neno hilo eleza kuwa ni faili.

Ikiwa ni kimoja kati ya vitabu au magazeti, nakala pia. Ikiwa ni maandishi ya tangazo, sema maandishi ya tangazo. Ikiwa ni habari ya kuhaririwa, habari inatosha. Redioni, "nimekupata". Mwanafunzi kwenye mtihani, kuangalizia. Msanii anayefuata mtindo wa mwenzake, kuiga. Bidhaa, ya kuigwa au feki kama kuna udanganyifu, maana si kila cha kuigwa kimekusudia kudanganya.

Na "copyright" ni hakimiliki. Waingereza waliijengea jina kutokana na haki ya kutoa nakala, na sheria yao ya kwanza ya aina hiyo ilianza kutumika mwaka 1710. Sisi tumeijenga kutokana na umiliki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na steshenari inayotoa kopi ya kitabu kizima kwa ajili ya kuuza inaingia ndani yake.

Hatua ya 11: Iandikie kadi

Ukimaliza, kila neno lipewe kadi moja ya karatasi ngumu au ukurasa mmoja wa daftari. Juu andika neno. Chini yake sentensi mbili au tatu ulizozisikia mwenyewe, na kazi ya aliyesema. Kisha miaka, kuanzia ya zamani. Kisha chimbuko na daraja, kila nguzo kwenye mstari wake. Kisha ndugu, na kwa kalamu nyekundu wale wanaofanana kwa sura tu. Mwisho tafsiri unazozikubali kwa kila fungu.

Wanaoshindana nawe kuhusu tafsiri waonyeshe kadi, kisha waombe sentensi walizozisikia wao. Zikiwa ngeni, ongeza. Pale unapoona Kiswahili hakina istilahi na wewe umepata pendekezo linalofanya kazi, liandikie sababu na ulipeleke BAKITA, chombo kilichoundwa mwaka 1967 kwa ajili ya kukuza Kiswahili, ukiambatisha nakala ya kadi yako na kubaki na kadi yenyewe.